Moja Nzito Kuliko Kumi

Kabla ya kuiwasha naipangusa kwa kitambaa kikavu:
sahani, mlizamu, milango minne ya bati.
Hewa ya Mombasa ina chumvi. Chuma chalala kizima,
chaamka na upele.
Kisha naweka jiwe la gramu tano
naungoja mshale utulie.

Chumba chetu ki nyuma ya duka la nafaka, Bondeni:
dirisha moja, pangaboi moja, mimi na mashine.
Sarafu huja na harufu zao.
Za muuza kahawa zanuka tangawizi,
za vyoo vya stendi zanuka dawa,
za sanduku la msikiti hazinuki kitu,
ila mna karatasi ya peremende, sadaka ya mtoto.

Ngowa, aliyenifunza kazi, alisema:
"Sahau kilichoandikwa. Hii haijui kusoma.
Kwake tano ndiyo nyepesi, kisha kumi,
kisha moja, kisha ishirini.
Moja ni nzito kuliko kumi, Mwanaisha. Usibishane nayo."
Nilicheka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa,
sijapata kumwona mnyonge akitangulizwa
hata kwenye foleni ya maji.

Kati ya kumi na moja pana nusu gramu,
punje ishirini na kitu za mchele.
Skrubu inayoulinda mpaka huo ni ndogo kama dengu.
Robo kulia, mlango wawahi kufunga.
Robo kushoto, wachelewa.
Ngowa hakuigusa ila akisha kula.

Alhamisi Bi Mize wa kachiri alileta mkebe wake.
"Elfu moja mia mbili na arubaini," akasema.
Mashine ikasema elfu moja mia moja na hamsini.
Hakubisha. Alitazama milango, akanitazama,
akatia gumba kwenye wino.
"Labda ni macho yangu."

Lile "labda" nililala nalo, halikulala.

Ijumaa alfajiri nikafungua mfuko wa moja-moja.
Ndani, rangi mbili-mbili zikanikodolea:
kumi, na kumi, na kumi nyingine.
Nikaweka jiwe. Mshale sawa.
Skrubu sawa.
Nikawasha pangaboi,
mshale ukashuka unywele mmoja.

Basi ni upepo tu,
umeikalia sahani kama mchuuzi
aegemezaye kiwiko kwenye mizani.
Na nani aliyelipandisha pangaboi hadi tano?
Mimi. Jumatatu. Nilihisi joto.

Marehemu baba alikuwa mtunzi.
Alihesabu mizani kwa vidole juu ya goti,
nane, na nane,
na silabi ikizidi hakuilaumu lugha.
Alirudi mwanzo wa mstari.

Bosi akasema, "Siku nne hizo zishapita.
Wametia gumba wenyewe."
Sikumjibu. Nilizima pangaboi,
nikakata ubavu wa katoni ya sabuni
nikaizungushia sahani ukuta,
nikaimimina upya Jumatatu,
Jumanne, Jumatano,
huku nikijifuta kila mara,
maana tone la jasho nalo lina uzito.

Usiku ulipoingia meza ilikuwa na bahasha kumi na saba.
Bosi alizitazama kama mtu atazamaye mvua
na nguo zi kambani.
Hakuzigusa.

Alhamisi iliyofuata Bi Mize alihesabu tisini zake
kidole kwa kidole, midomo ikicheza.
Kisha akanisukumia sarafu moja juu ya meza.
"Hii imezidi. Si yangu."

Nikaiweka kwenye sahani.
Mshale ukafikiri.
Mlango wa kumi ukakataa.
Wa tatu ukafunguka, ikaanguka ndani
kwa kishindo chake,
shilingi moja.